Mazoea Yakipimwa kwa Mizani: Utafiti wa Tiba na Wagonjwa wa Ukoo Wetu

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, Stockholm)



 Naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru jamaa waliosafiri kutoka Tanga, Mombasa, Maskati, Leicester na Toronto hadi hapa Stockholm, mji ambao majira yake ya joto ni mafupi kuliko hotuba zetu.

Kamati imeniagiza niseme machache juu ya maendeleo ya tiba, kwa kuwa nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya magonjwa ya ndani mjini humu kwa zaidi ya miaka 20. Nimeona haitafaa niwasomee orodha ya dawa mpya, maana dawa mpya huja na watangazaji wake. Nimechagua jambo lisilo na mtangazaji: namna hospitali zinavyoyapima mazoea yao wenyewe, na yale yaliyoonekana baada ya kupimwa.

Nianze na sababu ya kulileta jambo hili mbele ya ukoo. Mtu wetu akilazwa, simu hulia katika nchi 5 kabla jua halijatua. Swali la kwanza linaloulizwa si “Anaumwa nini?” bali ni “Ametundikiwa dripu? Amewekewa oksijeni?” Jibu likiwa ndiyo, roho hutulia. Likiwa hapana, husemwa kwamba hospitali hiyo haifai, mgonjwa ametelekezwa, ahamishwe. Huku ughaibuni lawama ni ile ile kwa sura nyingine. Nani hapa hajasikia kwamba daktari wa Kiswidi ukimwendea na homa atakupa Alvedon na kukuambia urudi nyumbani ukanywe maji? Tumezoea kuihesabu huduma kwa wingi wa vitu alivyofungwa mgonjwa. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba kipimo hicho si sahihi, na kwamba waliogundua hivyo si mabahili wala madaktari wavivu. Ni watafiti waliowakusanya maelfu ya wagonjwa, hapa Uswidi na huko kwetu, wakayatia mazoea katika mizani isiyopendelea.

Kwa nini macho ya daktari hayatoshi

Huenda mtu akauliza: daktari aliyetibu kwa miaka 30 hajui kwa macho yake mwenyewe dawa ipi inafaa? Ndugu zangu, macho hayatoshi. Wagonjwa wengi hupona kwa nguvu za miili yao, na wengine hufariki hata wakipewa kila kitu. Daktari akimpa kila mgonjwa dawa fulani, na wagonjwa 95 kati ya 100 wakapona, ataisifu dawa hiyo kwa dhati ya moyo wake. Lakini hajui kama bila dawa hiyo wangepona 95 vile vile, au hata 97. Ili ajue, hana budi kupata kundi la pili linalofanana na la kwanza kwa umri, kwa ugonjwa na kwa hali, ambalo halikupewa dawa ile.

Na ili makundi hayo yafanane kweli, haifai daktari achague nani aende upande upi, kwa maana huruma yake au hofu yake itamwelekeza. Huachiwa kura. Kura haimjui tajiri wala maskini, mzee wala kijana. Na wagonjwa wakiwa maelfu, kura huwagawa karibu sawasawa. Huo ndio utafiti wa tiba kwa kura, na matokeo yote nitakayoyataja leo yametokana na mizani hiyo.

Oksijeni na shambulio la moyo

Natuanze na oksijeni. Kwa zaidi ya miaka 100, mtu aliyeshikwa na maumivu ya kifua yanayodhaniwa kuwa shambulio la moyo alikuwa akiwekewa oksijeni. Sababu ilionekana wazi kama mchana: mshipa umeziba, moyo unakosa oksijeni, basi na aongezewe. Hata hivyo, wataalamu walikwisha kuona kwamba oksijeni ikizidi katika damu, mishipa ya moyo huweza kunywea. Hapo shaka ikaingia.

Watafiti wa hapa Uswidi, akiwamo Daktari Robin Hofmann wa Karolinska Institutet na hospitali ya Södersjukhuset, ambayo jamaa zetu wakaao kusini mwa mji huu wanaifahamu vizuri, waliamua kuuliza. Kati ya mwaka 2013 na 2015 waliandikishwa wagonjwa 6,629 katika hospitali 35 za nchi hii. Wote walishukiwa kuwa na shambulio la moyo, na damu yao wote ilikuwa na oksijeni ya asilimia 90 au zaidi kwa kile kipimo kinachobanwa kidoleni. Kwa kura, nusu yao walivikwa barakoa ya oksijeni, lita 6 kwa dakika, kwa muda wa saa 6 hadi 12. Nusu ya pili walivuta hewa hii hii tunayoivuta humu ukumbini.

Baada ya mwaka mmoja, waliofariki miongoni mwa waliovikwa barakoa walikuwa asilimia 5.0. Miongoni mwa waliovuta hewa ya kawaida walikuwa asilimia 5.1. Yaani hapakuwa na tofauti yoyote ya kutajika. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017, na mwaka ule ule mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya ukaagiza kwamba mgonjwa wa namna hiyo asiwekewe oksijeni kwa mazoea, ila pale ambapo kiwango kimeshuka chini ya asilimia 90.

Nisieleweke vibaya. Mgonjwa ambaye kiwango chake kimeshuka, oksijeni ni uhai wake, na katika hospitali nyingi za wilaya kwetu upungufu wa mitungi umeua watu. Lakini tazameni maana ya utafiti huu kwa hospitali yenye mitungi michache: mtungi usiomfaa mgonjwa wa kitanda cha kwanza unaweza kumwokoa mgonjwa wa kitanda cha tatu.

Daftari la taifa

Mtaniuliza: imewezekanaje nchi ndogo kama hii kuwapata wagonjwa zaidi ya 6,000 kwa muda mfupi? Jibu ni daftari. Tangu mwaka 1947 kila mkazi wa Uswidi hupewa namba ya utambulisho, ile inayotusumbua sana tunapofika kwa mara ya kwanza kabla hatujaipata. Juu ya namba hiyo hospitali zimejenga madaftari ya magonjwa. Daftari la magonjwa ya moyo, liitwalo SWEDEHEART, liliundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha madaftari kadhaa yaliyokuwapo. Mgonjwa wa moyo akilazwa, habari zake huandikwa humo kama sehemu ya kazi ya kila siku. Utafiti ukiwapo, na mgonjwa akikubali, kura hupigwa humo humo, na baadaye habari za afya yake hufuatiliwa kupitia madaftari yale yale. Ndiyo maana gharama hupungua, na maswali ambayo hakuna mwenye kiwanda anayetaka kuyalipia huweza kuulizwa. Nani angelipia utafiti wa kuonyesha kwamba dawa ya zamani haihitajiki?

Swali moja la namna hiyo limeulizwa miaka ya karibuni, nalo linawagusa baadhi yenu mliomo humu. Wengi waliopata shambulio la moyo hupewa vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo, vya kundi liitwalo beta-bloka, kama vile metoprololi na bisoprololi. Faida ya vidonge hivyo ilithibitishwa zamani, kabla ya madaktari kuweza kuzibua mshipa wa moyo kwa mpira mwembamba na kuuwekea kijibomba cha waya. Siku hizi mgonjwa akiwahi hospitali, mara nyingi moyo wake hubaki na nguvu zake. Je, mtu huyo naye anahitaji vidonge hivyo?

Watafiti, miongoni mwao Profesa Tomas Jernberg wa Karolinska Institutet na hospitali ya Danderyd, kaskazini mwa mji huu, waliwagawa kwa kura wagonjwa 5,020 ambao nguvu za mioyo yao zilikuwa zimesalimika. Walio wengi walikuwa wa Uswidi, na wachache wa Estonia na New Zealand. Matokeo yalitolewa mwaka 2024. Katika muda wa miaka mitatu na nusu hivi, waliofariki au kupata shambulio jingine walikuwa asilimia 7.9 kwa waliopewa beta-bloka na asilimia 8.3 kwa wasiopewa. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuitwa faida.

Lakini msikimbilie kuvitupa vidonge vyenu. Mwaka huo huo wa 2024, utafiti wa Ufaransa juu ya watu waliokwisha kutumia vidonge hivi kwa muda mrefu ulishindwa kuthibitisha kwamba kuviacha ni salama sawa na kuendelea: waliopatwa na mauti, shambulio, kiharusi au kulazwa tena kwa ajili ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 23.8 kwa walioacha na asilimia 21.1 kwa walioendelea. Mwaka 2025, utafiti mkubwa wa Hispania na Italia haukuona faida, ilhali ule wa Denmark na Norwei uliiona kidogo. Mizani bado inatikisika. Mafunzo yake kwetu ni haya: dawa yaweza kuwa na haki ya kuhojiwa, lakini mahali pa kuihojia ni mbele ya daktari aliyekuandikia, si jikoni kwako peke yako.

Dripu: habari ya Muheza

Sasa natuvuke bahari turudi kwetu, maana habari nzito kuliko zote haikutoka Ulaya. Imetoka Kilifi, Muheza, na hospitali nne za Uganda, zikiwamo za Mbale na Soroti.

Mtoto mwenye homa kali ambaye mikono na miguu imempoa, damu haizunguki vizuri, alikuwa akitibiwa katika nchi tajiri kwa kumiminiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka. Miongozo ya kimataifa ilipendekeza hivyo. Watafiti, wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland kutoka kituo cha Kilifi, waliwaandikisha watoto 3,141 katika hospitali hizo sita, ikiwamo hospitali ya Teule ya Muheza, mwendo mfupi kutoka mjini Tanga. Kwa kura, kundi moja likamiminiwa maji ya chumvi, la pili maji yenye albumini, na la tatu halikumiminiwa kwa haraka. Likapewa maji ya kawaida polepole pamoja na dawa zote nyingine.

Wengi walitaraji kwamba dripu ya haraka itaokoa maisha. Mwezi wa Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa kamati ya usalama iliona kinyume chake. Katika saa 48 za kwanza walifariki watoto 7.3 katika kila 100 wa kundi lisilomiminiwa, na watoto 10.6 na 10.5 katika kila 100 wa makundi mawili yaliyomiminiwa. Ndugu zangu, hesabu hiyo ina maana ya mtoto mmoja zaidi kufariki katika kila watoto 30 hivi waliofanyiwa lile tulilolidhani kuwa ndilo wema.

Hapa sharti nitie alama nyekundu. Watoto waliopungukiwa maji kwa kuharisha na kutapika hawakuwamo katika utafiti huo. Mwenye kuharisha maji yake ni lazima yarudishwe, kwa kinywa au kwa mshipa, upesi. Yasije maneno yangu yakageuzwa kuwa “fulani alisema maji ni mabaya”.

Na watu wazima je? Mjini Lusaka, katika Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu, walichunguzwa wagonjwa 209 wazima waliokuwa na maambukizi makali yaliyoenea mwilini na shinikizo la damu lililoshuka. Wengi wao waliishi na virusi vya UKIMWI. Kundi moja lilitibiwa kwa kanuni mpya: maji mengi ya mshipa mapema, dawa za kupandisha shinikizo na damu. La pili lilitibiwa kama ilivyokuwa kawaida ya hospitali hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: katika kundi la kanuni mpya walifariki hospitalini asilimia 48.1, na katika kundi la kawaida asilimia 33.0. Kanuni ya namna hiyo ilikuwa imetoka katika hospitali zenye mashine za kupumulia na vyumba vya wagonjwa mahututi. Ilipoletwa penye mgonjwa wa hali nyingine na wodi ya hali nyingine, ilidhuru.

Kwa hiyo si kweli kwamba utafiti ukishafanywa Ulaya au Amerika, kazi imekwisha na sisi tupokee tu. Nguo iliyokatwa kwa kimo cha mtu mwingine hujaribiwa kwanza kabla ya kuvaliwa.

Shangazi yetu na simu zetu

Wengi wenu mnakumbuka shangazi yetu alipolazwa katika hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga, miguu imemvimba, pumzi inamkata, halali ila ameegemea mito. Moyo wake ulikuwa umedhoofika kwa shinikizo la damu la miaka mingi. Simu zikapigwa kutoka mabara matatu. Jamaa wakadai atundikiwe dripu ili “apate nguvu”, na fedha zikatumwa kwa ajili hiyo. Daktari kijana aliyekuwa zamu akakataa. Akasema, kwa adabu, kwamba mwili wa mama huyu tayari umejaa maji, na kumwongezea ni kumzamisha kitandani. Alimpa sindano za kumkojoza, akampima uzito kila asubuhi. Kwa siku mbili kijana yule alitukanwa katika simu kwa lugha tatu. Siku ya tisa shangazi alitoka kwa miguu yake.

Sisemi hayo ili kumwaibisha mtu. Nasema ili tujue nguvu ya simu zetu. Mtu aliye Stockholm au Maskati, mwenye fedha mkononi, sauti yake huko kwetu ni nzito kuliko elimu yake. Tabibu asiye na moyo wa chuma angeliweza kutundika dripu ile ili tu tumwache apumzike, nasi leo tungekuwa tunasoma majina ya marehemu na lake limo.

Ziara iliyopimwa

Msidhani kwamba utafiti kazi yake ni kupunguza tu. Kati ya mwaka 2012 na 2014, katika zahanati na vituo vya Dar es Salaam na Lusaka, waliandikishwa watu 1,999 waliokuwa na virusi vya UKIMWI wakiwa wamechelewa, kinga ya mwili imeshuka sana. Wote walianzishiwa dawa za kufubaza virusi. Kwa kura, nusu yao waliongezewa mambo mawili: kipimo cha damu cha kugundua mapema ukungu unaosababisha homa ya uti wa mgongo, na ziara za kila wiki kwa wiki 4 za mwanzo. Waliowatembelea hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi.

Baada ya mwaka mmoja walifariki asilimia 13 katika kundi lililoongezewa na asilimia 18 katika kundi la kawaida. Kipimo kile na ziara zile vilitolewa kwa pamoja, hivyo hatuwezi kutenga sifa ya kila kimoja. Lakini nawaomba mlitafakari hili: kumtembelea mgonjwa, jambo ambalo wazee wetu walitufunza tangu utotoni na ambalo tukiwa huku tunalibadilisha kwa hawala ya fedha, liliwekwa katika mizani ya sayansi likiwa sehemu ya tiba, na tiba hiyo iliokoa watu.

Ukiombwa kuingia katika utafiti

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimeulizwa mara nyingi na jamaa zetu waliolazwa hapa. Daktari anakuja na karatasi, anasema: “Tunafanya utafiti, je, ungependa kushiriki?” Mtu wetu husikia neno utafiti, akaona anataka kufanywa panya.

Hofu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Huko Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972, wanaume Weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa utazamwe. Hata hapa Uswidi, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, kati ya mwaka 1945 na 1955, watu wenye ulemavu wa akili walilishwa peremende za kunata ili ionekane namna meno yanavyooza, wala hawakuulizwa. Kwa sababu ya maovu kama hayo, na mabaya zaidi ya wakati wa vita, madaktari wa dunia walikubaliana juu ya Azimio la Helsinki mwaka 1964. Uswidi ilitunga sheria ya mwaka 2003 inayotaka utafiti juu ya watu uidhinishwe kwanza na chombo cha maadili. Kenya wanayo KEMRI na Tanzania wanayo NIMR, taasisi za utafiti wa tiba zilizoundwa zote mwaka 1979, na utafiti wa afya huko nao hauanzi bila idhini.

Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Katika utafiti, mgonjwa sharti aulizwe. Na anayeulizwa ana haki ya kuuliza. Nawapeni maswali matano, myaandike:

1. Mnataka kujua nini ambacho bado hakijulikani?
2. Nisiposhiriki, nitatibiwa vipi?
3. Nikishiriki, kura inaweza kunipeleka wapi, na hatari zake ni zipi?
4. Naweza kujitoa katikati bila kuharibiwa matibabu yangu?
5. Nimpigie nani simu nikiona mabadiliko?

Msipoelewa Kiswidi vizuri, ombeni mkalimani, wala msimtumie mtoto wa shule kuwatafsiria habari za moyo wa baba yake. Kukataa baada ya kuelewa ni haki yako, na hakuna wa kukulaumu. Kukataa kwa sababu hukuelewa ni kuachia wengine wakuamulie, maana dawa iliyopimwa kwa watu wasiofanana nawe kwa umri, kwa chakula na kwa magonjwa ndiyo hiyo hiyo utakayoandikiwa kesho. Jamaa zetu wenye lugha ya kigeni mara nyingi huachwa nje ya tafiti kwa kuwa karatasi ziko kwa lugha moja. Tusijiongezee kutengwa kwa mikono yetu.

Mapendekezo kwa mkutano

Ndugu Mwenyekiti, sipendi kushuka jukwaani nikiwa nimesema tu. Nina mapendekezo matatu ambayo naomba mkutano uyafikirie.

La kwanza: kila mtu wa ukoo mwenye maradhi ya kudumu awe na karatasi moja yenye majina ya dawa zake, vipimo vyake, sababu ya kila dawa na jina la daktari wake. Waswidi wana daftari la taifa; sisi tuanze na karatasi moja mfukoni. Karatasi hiyo ni mali ya mwenyewe, wala isisambazwe.

La pili: mgonjwa akilazwa, achaguliwe mtu mmoja tu, aliye karibu na kitanda, wa kusema na madaktari. Wengine sote tupokee habari kwake. Na swali letu la kwanza liwe: “Daktari amesema ana ugonjwa gani, na anatarajia nini kutokana na tiba hii?” Hilo swali la dripu tulizike hapa Stockholm.

La tatu: fedha za mfuko wa ukoo zinazotengwa kwa wagonjwa zilipie kwanza uchunguzi, dawa za shinikizo na kisukari zisikatike, na nauli ya jamaa wa kumtembelea mgonjwa nyumbani katika wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali. Shangazi yetu hakudhoofika moyo kwa siku moja. Alidhoofika kwa miaka ambayo vidonge vya shinikizo vilikuwa vikinunuliwa mwezi mmoja na kuachwa miezi miwili, ilhali fedha za dharura zilikuwapo siku zote.

Mazoea yana taabu, ndivyo tulivyofunzwa. Taabu yake hospitalini ni kwamba hufanana na huruma. Madaktari wa Södersjukhuset na wa Muheza walikuwa na ujasiri wa kuyauliza mazoea yao maswali, na majibu yalipokuja kinyume cha matumaini, waliyatangaza. Ukoo wenye watu waliotawanyika katika nchi nyingi, wenye sauti na fedha za kuamua mambo ya wagonjwa walio mbali, unahitaji ujasiri huo huo.

 Mola awape shifaa wagonjwa wetu wote, wa huku na wa nyumbani, na atukutanishe tena tukiwa wengi kuliko leo.